Kwa dada wa Mbagala: kuhusu Efeso 5 na kofi

Pole sana, dada. Umeuliza kama kwenda kulala kwa mama yako ni kumwasi Kristo, kwa vile mumeo anasema yeye ni kichwa kama Kristo kwa kanisa, na juzi kakupiga kofi. Jibu langu ni hapana.

Hata sisi, miaka 19 ndani ya ndoa, aya hiyo tumeigombania. Mzee wa kanisa alitukalisha sebuleni akasema tusiishie mstari wa 22, pale wake wanapoambiwa wawatii waume zao. Mume wangu akasoma mwenyewe. Alipofika wa 25, pale mume anapodaiwa ajitoe kama Kristo alivyojitoa, alinyamaza, akaomba maji ya kunywa. Kristo hakumpiga bibi arusi wake, yaani kanisa, alipigwa yeye.

Kwa hiyo nenda kwa mama, beba na vyeti vya watoto. Ukiumizwa tena, kuna Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Chukua PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeraha, kisha hospitali. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, haimpi yeyote haki ya kumchapa mwenzi wake. Usuluhishi kanisani baadaye, tena usiende peke yako. Mchungaji akikwambia "vumilia tu" (wapo!), tafuta mwingine.