Goti la mama na sindano za Kichina

Dada, umeuliza kama mama mwenye goti bovu ajaribu akupancha, yaani tiba ya Kichina ya kuchomeka sindano mwilini, na kama aache vidonge vya presha anywe mitishamba ya Kichina. La pili nalijibu kwanza: asiache vidonge hata siku moja bila idhini ya daktari wake.

Sindano asiziogope. Hizi hazina tundu wala dawa ndani, na ni nyembamba karibu kama unywele. Huchomekwa kuzunguka pia ya goti na chini yake, kisha mgonjwa hutulia kama dakika 20 hadi 30. Atahisi uzito au ganzi kidogo. Wachina wa kale walisema nguvu iitwayo chi ikikwama mwilini, mtu huumwa. Sayansi haijaithibitisha chi, ila wapo wanaopata nafuu ya maumivu. Lakini gegedu, ile tishu laini inayokinga mifupa isisuguane kwenye goti, ikishasagika hairudi. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yenu, na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, aseme mapema.

Mitishamba ndiyo inayonitia hofu. Ni kweli artemisinini, kiini cha dawa mseto ya malaria, ilitoka kwenye mmea wa Kichina, na mwanasayansi wa China aliyeigundua, Tu Youyou, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, lakini ilichujwa na kupimwa kwanza. Ubelgiji, miaka ya 1990, wanawake waliotumia mitishamba ya Kichina ya kupunguza unene waliharibika figo. Kichupa kisichoandikwa kilichomo, msinunue.