Barua kwa mwanangu: 2,147,483,647

Wete, Pemba

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Sote hatujambo. Umeniuliza kwa nini programu yako ya malipo ya karafuu inagoma ikifika shilingi 2,147,483,647, na kama ni kweli namba hiyo ni tasa, yaani haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Tena ilijulikanaje kabla ya kompyuta?

La kugoma ni jepesi. Programu imeitengea namba biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1. Moja inaonyesha chanya au hasi, zinabaki 31, na kubwa kuliko zote inayoenea humo ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Ongeza shilingi moja tu, inageuka hasi 2,147,483,648. Mifumo inayohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa nafasi hiyo hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi.

Utasa wake ni jambo jingine kabisa, na ndio ninaoupenda. Namba za namna hii, 2 kwa kipeo fulani toa 1, zinaitwa za Mersenne, kwa jina la mtawa wa Kifaransa aliyetoa orodha yake mwaka 1644. Ili iwe tasa, sharti kipeo nacho kiwe tasa, wala hilo peke yake halitoshi: 11 ni tasa, lakini kipeo cha 11 kinatoa 2,047, yaani 23 mara 89.

Ya kipeo cha 31 aliithibitisha mwanahisabati Leonhard Euler, kufikia 1772. Namba isiyo tasa haikosi kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Cha hii ni 46,340 na ushei, na chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Nani angezijaribu zote kwa mkono? Euler alijua kuwa kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 62, lazima kibakishe 1, na ukikigawa kwa 8 kibakishe 1 au 7. Chukua penseli uone. 63, 125, 187, 249: hakuna iliyo tasa. Ya kwanza ni 311, na kwa 8 inabakisha 7, basi tuijaribu. 311 mara 6,905,092 ni 2,147,483,612, baki 35. Haigawi. Inayofuata, 373, kwa 8 inabakisha 5, itupe bila hata kugawa. Kwa mchujo huo zinabaki chini ya mia moja za kujaribu, na hakuna hata moja inayoigawa. Skuli tulifundishwa kugawa. Kujua cha kutokugawa ndiyo hesabu khasa.

Tena izidishe kwa 2 kipeo cha 30, unapata 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu: vigawo vyake vyote, isipokuwa yenyewe, vikijumlishwa vinaitoa yenyewe, kama 28 ilivyo 1+2+4+7+14.

Programu yako ihamishie kwenye biti 64. Kikomo kipya ni 2 kwa kipeo cha 63 toa 1, na hicho si tasa: 63 inagawika kwa 3, kwa hiyo 2 kwa kipeo cha 3 toa 1, yaani 7, inakigawa. Kwa njia hiyo hiyo nitafutie kigawo chake kingine, uniandikie.

Mama yako