Pepa imenipa 495, nisogeze tarehe ya MCAT?

SWALI: Shikamoo dada. Nipo Tabata, nina digrii ya baiolojia, najiandaa na MCAT, mtihani wa kuombea udaktari Marekani. Nimepiga pepa nne za mazoezi, tatu za AAMC, watunzi wenyewe wa MCAT: 501, 504, 502. Kwenye hiyo 502 kemia na fizikia 126, CARS (sehemu ya ufahamu) 121, baiolojia 128, saikolojia 127. Ya nne ni ya kampuni moja ya tuisheni, juzi imenipa 495, nimelia. Zimebaki wiki sita. Nimerudi nyuma? Nisogeze tarehe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, futa machozi kwanza. Hiyo 495 usiichanganye na zile tatu, AAMC ndo wanaotunga mtihani wenyewe, kampuni inatunga maswali yake na maksi inapanga kwa makadirio yake na nyingi zinabana kweli, so maswali yao fanyia mazoezi ila namba yao usilale nayo.

Halafu hata 501, 504 na 502 mi naona ni maksi moja tu. Majibu halisi ya MCAT yenyewe yanakuja na nafasi ya kupishana, pointi 2 juu au 2 chini kwenye jumla, kwa hiyo ile 504 uliyoishangilia wala haikuwa safari mpya. Jumla inaanzia 472 mpaka 528, katikati 500, we upo hapo hapo katikati. Ila nisikufiche, wanaoingia huko wastani wao unacheza kwenye 511, 512, na vyuo vingi havichukui kabisa mwanafunzi wa kigeni, hilo lichunguze kabla hujalipia fomu.

Kidonda chako ni hiyo 121. Kila sehemu ni 118 mpaka 132, zingine tatu umevuka 125 ya katikati, CARS ndo inakuvuta shati. Na haitaki ukariri kitu, ni ufahamu tu, habari 9, maswali 53, dakika 90. Ukiifikisha 125 bila kugusa kingine tayari una 506.

Afu niambie, ulikaa mfululizo? Mpwa wangu alinionyesha 508 nikampongeza weee, kumbe saa aliisimamisha mara mbili, mara umeme umekatika, mara katumwa nyanya gengeni, CARS kaimalizia kesho yake asubuhi kichwa kimepoa. Ile sio 508. Siku yenyewe unakaa masaa 7 na zaidi.

Chukua daftari, kila swali la CARS ulilokosa liandikie herufi: S sikuelewa, H nilisoma haraka, M muda uliisha. Na uliyobahatisha ukapata yaandike pia, hayo ndo yanakudanganya. Zikijaa M basi shida sio Kiingereza chako, unang'ang'ania swali moja wakati wenzio washasonga, na jibu baya halikatwi maksi, we bahatisha usonge.

Tarehe usiiguse leo. Baada ya wiki mbili piga pepa nyingine ya AAMC, saa 2 asubuhi, simu kaa nayo mbali, waambie nyumbani haupo. CARS ikibaki 121, sogeza mapema maana ada ya kusogeza inapanda siku zikikaribia, na kuufanya unaruhusiwa mara 3 tu kwa mwaka, 7 maisha yote.