Kipime Kitabu kwa Ukurasa wa Kwenu

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: msomaji anayetaka kutembelea hifadhi ya taifa au bustani ya burudani achague vipi kitabu cha mwongozo kitakachomfaa, ilhali vitabu ni vingi na vyote vina jalada zuri? Naendesha nyumba ndogo ya wageni hapa Mwanga, Kigoma. Wengi wanaolala kwangu wanakwenda Gombe au Mahale, hifadhi za sokwe, na wakiondoka huniachia vitabu vyao. Rafu imejaa, vipya kwa vikuukuu, nami huvisoma. Jibu langu limetoka kwenye rafu hiyo.

Kabla hujatoa pesa, fungua ukurasa unaohusu mahali unapopajua vizuri. Usianze na Serengeti kama hujafika Serengeti, maana huko mwandishi atakwambia lolote nawe utaitikia. Wa Kigoma asome Kigoma, wa Tabora aitafute Tabora. Ukikuta mwandishi amepotosha njia unayoipita kila siku, ujue na huko usikokujua kuna mengi aliyoyapotosha. Akitaja jambo la kwenu ambalo ni kweli na wengine hawalitaji, mwamini hata atakapokupeleka Ruaha au Katavi.

Kwetu sisi kipimo ni Gombe. Kila kitabu kinasema ni hifadhi ndogo, iko kilomita kama 16 kaskazini mwa mji, haina barabara, unafika kwa boti. Kila kitabu kinasema Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Julai 1960 na kwamba mwaka 1968 ikawa hifadhi ya taifa. Mimi natafuta mstari unaofuata: boti gani, inaondokea wapi, inarudi lini. Boti za abiria zinaondoka Kibirizi mchana, zinapita kijiji kwa kijiji zikiwa na watu, magunia, kreti za soda na kuku, na kufika Kasekela, kilipo kituo cha hifadhi, jua limeshainama. Zinazorudi mjini hupita asubuhi. Sasa piga hesabu. Asubuhi ndio wakati mzuri wa kuwafuata sokwe. Ukitegemea boti ya abiria utalala usiku mmoja kabla ya kuwaona na mwingine baada ya kuwaona. Ada ya kiingilio huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo usiku wa pili ni ada nyingine, kitanda kingine na chakula kingine. Mkiwa kikundi, huenda kuchangishana mkakodi boti yenu ya kwenda na kurudi kukawa nafuu. Mkiwa wawili, huenda isiwe.

Kitabu kinachokupigia hesabu hiyo waziwazi kimeandikwa na mtu aliyekaa ufukweni Kibirizi akasubiri boti na wenzake. Kinachosema tu kwamba boti zinapatikana mjini kimekuacha njiani kabla hujaanza safari. Sijali kina picha ngapi za rangi.

Kwenye rafu yangu kuna kimoja ambacho wageni wamekijaza maandishi ya penseli pembeni. Kwenye Gombe, mwandishi anayasifia matembezi ya msituni kana kwamba ni ya bustanini. Pembeni mtu kaandika MLIMA kwa herufi kubwa na kupigia mstari mara mbili. Chini yake mwingine kaongeza kwamba baada ya mvua njia inateleza na fimbo ni lazima. Mwingine tena kaandika kwamba nyani wa ufukweni walimchukulia mkate mkononi. Wote watatu wamesema kweli. Ufukwe wa Gombe uko mita kama 770 juu ya usawa wa bahari, na vilima vyake vinapanda kupita mita 1,500, tena kwa ghafla. Nyani nao wamezoea watu, ndiyo maana hushauriwi kula nje. Kitabu kile sikukitupa. Wageni wangu hukiomba kwa sababu ya penseli.

Jambo la pili ni mwaka. Geuza ukurasa wa jina la kitabu, nyuma yake utakuta mwaka wa toleo. Angalia vizuri, maana kuchapwa upya si kuandikwa upya: kitabu kinaweza kuonyesha mwaka wa juzi wakati habari zake ni za zamani sana. Hapa kwetu mfano ni MV Liemba, meli ya abiria ya Ziwa Tanganyika. Historia yake haichakai: ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini. Hayo kitabu cha zamani kinayaeleza vizuri kuliko vipya vingi. Ratiba ndiyo iliyowaumiza watu. Liemba ilisimama miaka kadhaa ikisubiri matengenezo, na wageni waliendelea kushuka kwenye treni wakiwa wameshika kitabu, kidole kwenye ukurasa, wakiuliza meli inaondoka saa ngapi. Kuna waliopanga safari nzima ya kusini, Mahale hadi Kasanga, juu ya mstari huo mmoja. Nilikuwa nawaonea huruma kweli.

Kwa hiyo kigawe kitabu mafungu mawili. Historia, misimu, wanyama na umbile la nchi vinakaa miaka mingi. Usafiri, bei na vyumba viulize kwa simu kabla ya kutoka nyumbani, hata kama kitabu ni cha mwaka huu. Watu wa Tabora wana lao: Ugalla River imekuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, kwa hiyo kitabu cha kabla ya hapo hakitakupa mwongozo wa hifadhi hiyo.

Bustani za burudani zinachakaza kitabu haraka zaidi. Shemeji yangu yuko Marekani, na alipotaka kuwapeleka watoto Disney World kule Florida alipewa na jirani kitabu cha zamani kidogo. Kilieleza kwa kirefu FastPass, ule utaratibu ulioanza 1999 wa kujiwekea nafasi bila malipo ili usikae kwenye foleni ndefu. Utaratibu huo haupo tena. Mwaka 2021 waliweka wa kulipia ulioitwa Genie+, na mwaka 2024 wakaubadilisha jina na kanuni zake ukawa Lightning Lane. Nusu ya ushauri wa kitabu kile ilikuwa juu ya foleni ambayo haipo. Kwa bustani za namna hiyo, ama nunua cha mwaka huu ama usinunue. Na ukinunua, tafuta kinachotaja urefu wa mtoto unaotakiwa kwa kila mchezo, kwa sababu mtoto aliyesubiri saa nzima kisha akazuiwa mlangoni ameharibikiwa siku.

Suala la watoto liko hata huku. Watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe, na umri unaokubaliwa Gombe na Mahale ni wa kuuliza hifadhini kabla ya kulipa. Kitabu kisichogusia umri kabisa kitamfanya mzazi asafiri siku mbili kisha abaki ufukweni na mwanawe.

Kuna kipimo kingine ambacho kwangu kina uzito kuliko bei: kitabu kinawazungumziaje wanyama? Sokwe wanaambukizwa mafua yetu na yanawaua. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza kama polio uliwapiga sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakabaki na viungo visivyofanya kazi. Kitabu chema kitakwambia uvae barakoa, ukae mbali angalau mita 10, usizidishe saa moja nao, na ukiwa na kikohozi uahirishe hata kama umeshalipa. Kinachokufundisha namna ya kusogea upate picha ya karibu, kirudishe dukani. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu sokwe hawa wamebaki wachache na ni majirani zetu.

Linalonikera zaidi ni vitabu vingi kumwandikia mtu anayetua Arusha na dola mfukoni. Ada inachapwa kwa dola, ile ya mgeni wa kutoka nje, basi. Mtanzania akiisoma anafunga kitabu na kusema hifadhi si zetu. Nawafahamu watu waliozaliwa hapa hapa Kigoma, wamezeeka wakiangalia vilima vya kaskazini, hawajawahi kukanyaga Gombe kwa sababu ya bei ambayo si yao. Raia wa Afrika Mashariki ana ada yake, kwa shilingi, na iko chini sana. Malipo yenyewe siku hizi ni ya kielektroniki, hivyo usifike langoni na noti ukitegemea risiti ya mkono. Kama kitabu kina safu moja tu ya ada, kiulize kimeandikwa kwa ajili ya nani.

Ukiwa na pesa ya kitabu kimoja tu, nakushauri ununue cha kutambua ndege au wanyama, kisha habari za usafiri uziulize kwa watu. Lakini hapo pia angalia ramani zake ndogo za maeneo. Vingine vinaiona Tanzania kama Serengeti na Kilimanjaro, huku magharibi kukiwa kweupe, wakati misitu yetu ina ndege ambao makao yao makubwa ni upande wa Kongo. Samaki ndio wanaosahaulika kabisa. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, karibu zote hazipatikani popote pengine duniani, na mgeni anaweza kuwaona kwa miwani ya kuogelea tu, pale anapoelekezwa na askari wa hifadhi kuwa ni salama. Kwenye vitabu vya safari wanapata aya moja, pengine hata hiyo hakuna.

Nami nina ombi, Mhariri. Kwenye rafu yangu hakuna hata kitabu kimoja cha mwongozo wa hifadhi za magharibi kilichoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya msafiri wa kawaida, mwenye tiketi ya treni ya daraja la tatu na watoto wawili. Kama kuna msomaji anayekijua, tafadhali chapisheni jina lake na mahali kinapouzwa. Nitanunua nakala mbili, moja ya wageni na moja ya kukopesha majirani.