Wasomaji wanauliza: Kolwezi 1978, mateka walikuwa nani?

Swali, kutoka Katuba: Jambo yaya. Kwa masomo mwalimu wa istoria alitufundisha juu ya Kolwezi 1978, ule mji wa migodi wa Katanga, akasema mateka walikuwa wazungu ba Gécamines, kampuni ya madini, na maparakomando ba Ufaransa njo balikuya kubaokoa. Sasa nkambo yangu, mzazi wa mzazi wangu, alikuwaka Kolwezi siku hizo, anasemaka walilala chini ya kitanda karibu juma nzima, maji hakuna, bukari (ugali) hakuna, kutoka nje ni kufa. Yeye hakukuwa mateka? Na ile ilikuwa mara ya kwanza kwetu?

Jibu: Jambo mwanetu, salimia nkambo sana. Tena umwambie ndiyo, alikuwa mateka, hata kama hakuna kitabu kimemwandika. Mtu anayezuiwa na wenye bunduki, hawezi kwenda kuchota maji wala kumwona jirani, na kupona kwake kunangojea wakubwa wapatane huko mbali, huyo ni mateka, paspoti iwe ya Ubelgiji ao ya Zaire, jina la Kongo yetu siku zile.

Waasi wa FNLC, kundi lililompinga rais Mobutu, wale watu walizoea kuwaita Katangais, walitoka Angola wakaingia Kolwezi tarehe 13 Mei 1978, askari wa Mobutu wakashindwa, mji ukabaki mikononi mwao. Legion, kikosi cha jeshi la Ufaransa, iliruka na parashuti tarehe 19, Wabelgiji wakatua kesho yake. Wazungu zaidi ya 2000 waliondolewa, waliouawa wanapita 100. Na Wakongomani waliokufa je? Wanasema "mamia", basi, inaishia hapo. Mama aliyepoteza mtoto Kolwezi hawezi kulilia "mamia", analilia mtoto mwenye jina.

Na hapana, haikuwa mara ya kwanza. Miaka 14 kabla ya hapo, Agosti 1964, Simba, waasi waliopigana na serikali ya Kongo, walikamata Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, wakafungia wageni wa mataifa mengi, hata konsuli wa Marekani. Mazungumzo yalijaribiwa mpaka Nairobi mbele ya mzee Kenyatta, yakavunjika. Asubuhi ya 24 Novemba ndege za Marekani zikaangusha maparakomando wa Ubelgiji kwenye kiwanja cha ndege, Simba wakatoa mateka katika Hoteli Victoria wakawakalisha barabarani, na waliposikia masasi yanakaribia wakaanza kuwapiga risasi. Daktari Paul Carlson, mmisionari Mmarekani waliyemsingizia kuwa mpelelezi, alifia hapo. Tarehe 26 maparakomando wakaruka tena Paulis, yaani Isiro, wakaokoa wageni, wakaondoka zao.

Sasa fuata tarehe vizuri, maana hapa ndipo roho inaniuma kila nikisoma. Tarehe 29 Novemba Simba wakafika kwenye konventi ya Bafwabaka, wakapakia masista wote kwenye lori, masista Wakongomani, wakawapeleka Isiro, mji uleule ambao maparakomando walikuwa wametoka siku chache tu. Usiku wa kuamkia 1 Desemba koloneli mmoja wa Simba alimtaka Sista Anuarite Nengapeta kwa nguvu, Anuarite akakataa, akauawa. Papa Yohane Paulo II alikuja Kinshasa mwaka 1985 akamtangaza mwenyeheri, na leo watoto wetu wangapi wanaitwa Anuarite! Lakini uliza mtu yeyote akutajie mateka wa 1964, atakutajia wazungu. Anuarite ni mwenyeheri, ni shahidi, sawa kabisa, ila alikuwa pia mateka, na yeye hakuna ndege iliyomjia.

Kaa na nkambo, umwandike. Majina ya majirani, avenue, nani alileta maji, nani hakurudi, yote, ungali unaye.

Swali, kutoka Kampemba: Dada wa jirani yetu alitekwa porini huko Kivu wiki mbili. Amerudi, anasema mmoja wao alikuwa anampa chakula vizuri. Watu wanamcheka, eti ana "ugonjwa wa Stockholm". Ni ugonjwa kweli?

Jibu: Wamwache huyo dada, tafadhali. Jina hilo lilitoka Sweden, Agosti 1973, mwizi aliingia benki moja ya Stockholm akashika wafanyakazi wanne siku sita. Polisi wakafunga mlango wa chumba cha hazina mateka wakiwa ndani pamoja na mwizi, na mateka mmoja, mwanamke kijana, akampigia simu waziri mkuu Olof Palme akimwomba awaruhusu watoke, kwa sababu aliogopa polisi wakivamia watakufa wote. Daktari wa akili aliyekuwa anasaidia polisi, Nils Bejerot, ndiye aliyetoa maelezo kwamba mateka wamevutwa na upande wa mwizi. Mimi naona yule mwanamke alikuwa anafikiri sawasawa kuliko wote waliokuwa nje. Hata kitabu ambacho madaktari wa akili wa Marekani wanaorodhesha magonjwa hakina ugonjwa wa jina hilo. Mtu akikupa chakula kule porini unakipokea, unamkumbuka, na bado unaweza kulia usiku juu yake. Mkae naye, mumsikilize, akihitaji daktari mumsindikize.

Swali, kutoka Kamalondo: Kuna mateka aliyewahi kukataa kuachiliwa?

Jibu: Yupo. Juni 1976 ndege ya Air France ilitekwa ikapelekwa Entebbe, Uganda, kwa rais Idi Amin. Watekaji wakatenga Waisraeli, wengine wakawaachilia. Kapteni Michel Bacos akasema abiria wote ni wake, hatoki akiwaacha, na timu yake yote ikabaki naye. Makomando wa Israeli walikuja usiku wa kuamkia 4 Julai. Mateka watatu walikufa katika ule mvurugano, na mama mzee Dora Bloch, aliyekuwa amepelekwa hospitali Kampala, aliuawa baadaye. Bacos na watu wake walitoka hai.