Scarlett inakwaruza? Anza na draiva

Ndugu yangu, umesema Scarlett 2i2 yako (kile kiboksi cha Focusrite cha kuunganisha maiki na kompyuta) inakwaruza kila ukirekodi sauti kwenye Windows, mi naona bado unatumia draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya Windows yenyewe. Chomoa waya kwanza, futa draiva ya zamani pamoja na ASIO4ALL (draiva ya sauti ya jumla) kama uliiweka, zima uwashe kompyuta, halafu shusha draiva kwenye tovuti ya Focusrite wenyewe, tafadhali sana usichukue zile za masaiti ya draiva za bure, utaokota virusi. Ikimaliza kuinstall ndo uchomeke, moja kwa moja kwenye kompyuta sio kwenye habu (kigawanya matundu ya USB). Kwenye Reaper (programu ya kurekodi) chagua Focusrite USB ASIO, bafa (kiasi cha sauti kinachokusanywa kabla ya kuchakatwa) weka sampuli 256, ikikwaruza tena panda 512, sauti itachelewa kidogo kwenye hedifoni ila rekodi inatoka safi.