Mjukuu Anapomshinda Babu: Maswali Yenu Kuhusu Sampo

Hapa Jinja tumebishana hadi chai ikapoa. Mwenzetu anasema wimbo wowote uliokatwa kutoka kwenye rekodi ya zamani ni wizi, na mwizi hawezi kumpita mwenye mali. Je, upo wimbo wa sampo, yaani uliojengwa juu ya kipande cha rekodi ya mwingine, uliouzidi ule wa asili? — Msomaji, Jinja

Upo, tena si mmoja. Habari ya wizi tutaifikia kwenye barua ya Mbarara. Kwa sasa angalieni ni kitu gani kilichochukuliwa, kwa sababu hapo ndipo ushindi unapoamuliwa.

Mwaka 1967 mpiga saksafoni wa Marekani, Tom Scott, alirekodi upya "Today", wimbo wa kundi la Jefferson Airplane. Ndani yake kuna kipande kifupi cha saksafoni kinachopita tu, kama mtu anayechungulia mlangoni na kuondoka. Mwaka 1992 Pete Rock alikikata, akakilaza juu ya ngoma nzito na kukifanya nguzo ya "They Reminisce Over You", wimbo ambao yeye na CL Smooth waliutengeneza baada ya kufiwa na rafiki yao Troy Dixon mwaka 1990. Kwa Scott saksafoni ile ni pambo. Kwa Pete Rock ndiyo kilio chenyewe.

Au chukueni "Ike's Rap II" ya Isaac Hayes, ya 1971: besi inashuka ngazi polepole, vinanda vya nyuzi vinaifuata, na mwanamume anaongea kwa majuto. Kundi la Portishead lilichukua mteremko huo mwaka 1994 likatengeneza "Glory Box", na safari hii anayesema ni mwanamke aliyechoka. Mwaka uliofuata Tricky akatumia kipande kilekile katika "Hell Is Round the Corner". Unga mmoja, wapishi wawili. Kwetu sisi Portishead wamemshinda Hayes, Tricky ametoka naye sare, na anayekataa atuandikie.

Mfano mkubwa kuliko yote ni ngoma za "Amen, Brother" ya The Winstons, upande wa pili wa sahani yao ya 1969. Mpiga ngoma Gregory Coleman anabaki peke yake kwa baa nne (mafungu manne ya mapigo manne), sekunde 7 hivi. Miaka ya mwanzo ya 1990 vijana wa Uingereza walizikatakata sekunde hizo, wakaziharakisha kutoka mapigo 137 hivi kwa dakika hadi 160 na zaidi, na muziki wa jungle ukasimama juu yake. Wimbo mzima wa asili hauna lolote linalozifikia sekunde hizo. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kuonja matunda yake, kwa hiyo mwenzenu wa Jinja hajakosea yote.

Anayeshindwa kwa kawaida ni yule anayechukua kiitikio kizima. Hapo ameazima umaarufu, na ukimnyang'anya kiitikio hubaki na biti ya kawaida. Kipimo chetu ni hiki: sikiliza wimbo wa zamani tangu mwanzo. Ukijikuta unasubiri ngoma za ule mpya ziingie, mpya umeshinda. Ukisahau kwamba mpya upo, basi.

Nina kaseti ya marehemu baba yenye gita tamu la miaka ya themanini. Nikiweka ngoma juu yake, baada ya muda mfupi vinaachana, na kinanda changu hakipatani na gita. Kosa liko wapi? — Msomaji, Arua

Makosa ni mawili, na yote yanatoka kwenye kanda kabla hujagusa kompyuta.

Anza na deki. Peleka kaseti mbele hadi mwisho, uirudishe, ili utepe uliogandamana uachane. Safisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti. Kando ya kichwa hicho kuna skrubu ndogo. Izungushe kidogo sana huku ukisikiliza sauti nyembamba za nyuzi, na pale zinapong'aa kuliko popote, acha. Watu wengi huruka hatua hii, halafu hutafuta mng'ao kwa kuongeza trebo (sauti nyembamba) kwenye programu, wakaongeza mvumo wa kanda peke yake. Rekodi kwa biti 24 (kipimo cha ubora wa rekodi kwenye kompyuta, si biti ya ngoma), kilele cha sauti kisizidi desibeli 6 chini ya kikomo. Mvumo uliobaki uache. Programu ya kuondoa mvumo ikizidishwa, gita husikika kana kwamba linapigwa ndani ya ndoo ya maji.

Sasa upatani. Deki nyingi hazikimbii kwa kasi sahihi, kwa hiyo gita zima linaweza kuwa chini au juu. Pima noti moja iliyoshikiliwa kwa kifaa cha kusetia gita. Tuseme iko chini kwa senti 40 (senti 100 ni nusu toni moja): ongeza kasi ya rekodi kwa asilimia 2.3, ili sauti na mwendo vipande juu pamoja. Usitumie njia ya kupandisha sauti bila mwendo kama hulazimiki, maana hulainisha mguso wa kidole kwenye uzi, na mguso huo ndio uliokupendeza.

Kuhusu kuachana: bendi ile haikupiga kwa saa ya mashine. Wimbo unaweza kuanza kwa mapigo 104 kwa dakika na kumalizika kwa 109. Gawa 240 kwa idadi ya mapigo, utapata sekunde za baa moja yenye mapigo manne. Baa nne kwa mapigo 104 ni sekunde 9.23, kwa 109 ni 8.81. Tofauti hiyo ni karibu robo tatu ya pigo, na sikio haliisamehe. Kwa hiyo usibebe ubeti mzima. Chagua baa mbili, nne zikizidi, ukate hasa pale kidole kinapogusa uzi, kisha ulainishe kila mkato kwa milisekunde 5 hadi 10 ili usisikie "tik". Vipande vikichelewa kidogo, usivivute vyote vikae mstarini. Sogeza ngoma zako zimfuate mpiga gita, kwa kuwa ndiye mkubwa hapo.

Mwisho, punguza kila kitu kilicho chini ya hezi 120 kwenye sampo. Besi ya zamani na kiki (ngoma kubwa ya chini) yako mpya zikikaa sehemu moja, zote mbili hupotea.

Tahadhari moja: kama wimbo una mwendo wa baakisimba, ngoma ya Kiganda, wa tatu-tatu, programu hukosea kuhesabu. Itakuambia 165 wakati mguu wako unasema 110. Amini mguu.

"Salome" ya Diamond Platnumz na Rayvanny ni sampo? — Msomaji, Hoima

Ule ni urudiaji. Wimbo wa 2016 ulijengwa juu ya "Maria Salome" wa Saida Karoli, binti wa Bukoba, uliotamba tangu 2001, lakini kiitikio kiliimbwa upya na biti ikapigwa upya. Kwa kucheza harusini mpya unashinda. Kwa kusikiliza usiku, Saida hana mpinzani.

Nimerekodi amadinda, marimba ya mbao ya Kiganda, ili niiweke kwenye wimbo wa kisasa. Kila nikiongeza piano inasikika kama mojawapo imeharibika. Niirekebishe amadinda? — Msomaji, Mukono

Usiiguse, haijaharibika! Amadinda ina vibao 12 na noti tano tu katika kila oktava, zilizoachana karibu sawasawa, senti 240 hivi kila hatua. Piano inahesabu kwa mamia. Ukianzia Do, noti za amadinda ziko karibu na senti 0, 240, 480, 720 na 960, na ile ya 240 inaangukia katikati ya vibao viwili vya piano. Programu ya kunyoosha sauti itaivuta upande mmoja, na utamu wote utaondoka nayo.

Igeuze piano. Vinanda vingi vya programu vinakuruhusu kusogeza noti mojamoja: Re panda senti 40, Fa shuka 20, Sol panda 20, Si bemoli shuka 40. Hizo ni za kuanzia. Fundi wa amadinda huchonga kwa sikio, kwa hiyo pima kila kibao cha ile uliyorekodi. Usitumie kodi (noti zinazopigwa pamoja) za noti tatu. Besi kwenye Do na Sol inatosha.

Na angalia unapokata. Wapigaji wawili wanapokezana kila noti, wa tatu anaokota nyimbo za juu kwa vibao viwili, na mlio unaousikia haupigwi na yeyote kati yao peke yake. Ukianza lupu (kipande kinachojirudia) pigo moja mbele, unaweza kupata wimbo mwingine kabisa. Jaribu mianzo yote kabla ya kuchagua. Wakati mwingine uliokosewa ndio mzuri.

Rafiki ananiambia sekunde tatu za wimbo wa mtu ni halali, huhitaji ruhusa. Kweli? — Msomaji, Mbarara

Si kweli. Sheria ya Uganda ya Hakimiliki na Haki Jirani ya 2006 haikuweka sekunde za bure, na tayari mmesikia sekunde 7 zilivyofanya.

Ruhusa unazohitaji ni mbili: ya mtunzi, na ya mwenye rekodi. Kundi la The Verve walipotoa "Bitter Sweet Symphony" mwaka 1997 walikuwa na ruhusa ya rekodi ya okestra waliyoikata, lakini wenye haki za wimbo wa The Rolling Stones ambao okestra hiyo iliupiga walidai. Mapato ya utunzi yakaenda huko hadi 2019. Ruhusa moja ni nusu ya mlango.

Haki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Philly Lutaaya alifariki Desemba 1989, kwa hiyo tungo zake zina wenyewe hadi Desemba 2039, na mazungumzo ni na warithi wake. Wimbo wa jadi usio na mtunzi ni jambo jingine, lakini aliyeurekodi na waliopiga wana haki juu ya rekodi hiyo.

Anzia kwa UPRS, chama cha haki za watunzi, uulize anayewakilisha wimbo. Andika karatasi fupi kabla ya kutoa wimbo wako: jina la wimbo wa asili, kutoka sekunde ipi hadi ipi, umerudiwa mara ngapi, asilimia ya kila upande, na jina la mtunzi litakavyoandikwa. Ambatisha wimbo wako ulivyo sasa. Mtu huona vigumu kukubali kitu asichokisikia, na ukisubiri wimbo uanze kupigwa redioni, asilimia atakayotaja haitakuwa ile ambayo angetaja leo.